Prosesa Mbili, Mzizi Mmoja

Fundi wa Kisangani mwenye kompyuta moja kuukuu ya Intel anaweza kuandaa mfumo mzima wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kabla hata hajaichomeka Raspberry Pi yenyewe kwenye umeme. Katika ufundi wote wa Linux, huu ndio ninaoupenda zaidi. Katika mji ambao umeme hukatika na mega hununuliwa kwa kuhesabu, kimashine cha wati chache chenye Wikipedia ya Kiwix, inayosomwa bila mtandao, ndani yake ni maktaba ya kutosha kwa darasa lisilo na intaneti.

Kikwazo ni prosesa. Raspberry Pi ni ya ARM, na Intel haielewi maagizo ya ARM. Sasa tazama mwanzo wa faili la programu: baiti ya 7f, halafu herufi E, L na F. Mbele kidogo, kwenye nafasi ya 18, ipo namba ya prosesa: 3e ni Intel ya biti 64, b7 ni ARM ya biti 64. Sehemu ya keneli (kiini cha Linux) iitwayo binfmt_misc husoma namba hiyo, na ikikuta b7 hulikabidhi faili kwa QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. QEMU hugeuza maagizo ya ARM kuwa ya Intel, fungu kwa fungu, huku keneli ikibaki ileile. Hakuna kompyuta ya bandia inayowashwa.

Amri ya chroot, ambayo uwezo wake umo katika Unix tangu 1979, huifanya folda moja, hapa ile yenye mfumo wa ARM, ionekane kuwa mzizi wa mfumo. Zamani ilibidi QEMU inakiliwe ndani ya folda hiyo, maana keneli iliitafuta humohumo. Tangu Linux 4.8 ya mwaka 2016, alama ya F huifungua mapema, QEMU inaposajiliwa kwenye binfmt_misc. Ukiingia na kuandika uname -m, unajibiwa aarch64, na feni inayovuma ni ya Intel.

Ni kazi ya polepole, sikatai. Programu kubwa afadhali ijengwe kwa njia nyingine. Lakini vifurushi vya Debian, mfumo wa Linux unaowekwa ndani ya folda hiyo, vina hati zinazoendeshwa wakati wa kusakinishwa, nazo huita programu za ARM. Bila mkalimani kama QEMU, hazimaliziki. Folda ikikamilika, hunakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi ya shule ya Makiso, kisha kwenye ya Lubunga, ng'ambo ya mto, bila kununua mega nyingine.