Nani Anasimulia? Muziki katika Out of Africa na The Constant Gardener

Mhakiki wa filamu aliyelelewa na riwaya na tamthilia huanza na wahusika, msuko na dhamira. Muziki huuacha pembeni kama pambo. Makala haya yanadai kwamba muziki ni msimulizi, na kwamba katika filamu ambazo wageni wametengeneza kuhusu Kenya, msimulizi huyo ndiye huamua nchi inatazamwa kwa macho ya nani. Suala hili si geni kwa msomaji wa Eldoret. Kisa cha Kimani Maruge, aliyejiunga na Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo mjini humu mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, kilipogeuzwa filamu ya The First Grader (2010), kilitungiwa muziki na Mwingereza, Alex Heffes.

Tuanze na Out of Africa (1985) ya Sydney Pollack. Muziki wake, uliotungwa na John Barry, ulipata tuzo ya Oscar mwaka 1986, nao unastahili kusikilizwa hata bila picha. Barry haanzi na vishindo vya ngoma. Anategemea fidla nyingi zinazopanda polepole, zikatua, kisha zikapanda tena. Katika tukio la ndege mazungumzo yanakoma na okestra inashika usimulizi. Lakini nafsi inayosema ni ipi? Ni nafsi ya Karen, anayeitazama nchi kutoka juu. Huzuni ya muziki huo ni huzuni ya mtu atakayeondoka. Waliokuwepo kabla yake, na watakaobaki, hawana sauti katika okestra hiyo. Wimbo wa kiasili "Siyawe" umo, lakini umeambatishwa kwenye safari ya Karen. Hata nyani wanapigiwa Mozart kwa gramafoni. Wafanyakazi wa shambani hawaulizwi wanaimba nini.

Miongoni mwa waigizaji wa filamu hiyo alikuwemo Job Seda, katika nafasi ndogo ya Kanuthia. Huyu ndiye mwanamuziki aliyejulikana baadaye kwa jina la Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019. Miaka ishirini baada ya filamu ya Pollack, sauti yake ilisikika katika The Constant Gardener (2005) ya Fernando Meirelles, ambayo muziki wake ulitungwa na Mhispania Alberto Iglesias. Wimbo uliotumiwa, "Kothbiro", ulikuwa tayari katika albamu ya Ogada, En Mana Kuoyo (1993). Aliyekuwa pembeni mwa picha sasa anasimulia. Aidha, nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, haitazami kutoka juu. Mpigaji huketi karibu na ardhi, nyuzi zikarudia mzunguko uleule, na sauti ikapita juu yake kama ya mtu anayesema na walio karibu.

Hata hivyo, usimulizi huo umetolewa nusu. Mtazamaji asiyejua Dholuo husikia ombolezo linalowafaa Tessa na Justin. Maneno yenyewe yana jambo jingine: mvua inakuja, na watoto wanahimizwa kurejesha ng'ombe nyumbani. Yaweza kudaiwa kwamba muziki hauhitaji tafsiri, na kwamba toni yatosha. Dai hilo lina uzito, lakini linaipunguza filamu yenyewe. Justin ni mtu ambaye nyumbani kwake palikuwa kwa Tessa. Tessa akishauawa, hana pa kurejea. Kuweka kando ya mtu huyo wimbo unaoita watu nyumbani ni kinaya kikubwa, nacho kinamfikia tu anayeielewa lugha.

Hapa ndipo palipo kazi ya mhakiki wa Afrika Mashariki. Lugha ya wimbo ni sehemu ya matini, na anayeijua anaisoma filamu kwa ukamilifu zaidi kuliko pengine hata waliouchagua wimbo huo. Tukiendelea kuuhesabu muziki kuwa pambo, tutakuwa tumeiachia okestra ya Barry iendelee kutusimulia.