Uzalendo wa Brutus na Neno "Aya" la Kiiraqw

Wako wausifuo mchezo wa Juliasi Kaizari, uliotafsiriwa na Julius Nyerere mwaka 1963 na kurekebishwa 1969, kwa kuwa wafundisha uzalendo. Sifa hiyo naiona nusu tu. Brutus aipenda Roma, hilo halina shaka. Lakini wajibu wake kwa nchi aukata usiku, bustanini, pamoja na watu wachache, na raia huarifiwa baada ya damu kumwagika.

Msomaji wa Mbulu au Hanang ana kipimo kingine karibu naye. Katika Kiiraqw, aya ni nchi: ardhi yenye mipaka, ambayo wakaao ndani yake wafungwa na ibada moja. Katika slufay, dua ya wazee, msemaji hutamka fungu kwa fungu, nao waliokusanyika humwitikia. Uzalendo wa namna hiyo hauwezi kunong'onwa.

Kwa hiyo onyesho zito kuliko yote, kwa maoni yangu, si hotuba ya Antony, ambayo walimu wetu huikaririsha mno, bali lile fupi la Cinna mshairi. Umati wamkamata; naye ajieleza kuwa si yule Cinna wa njama; wamshambulia hata hivyo, kwa sababu ya jina lake. Hapo vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha anza, kabla majeshi hayajakutana Philippi, na katika umati ule hapana raia hata mmoja amkingaye.