Bibi wa Kicherkesi katika Kumbukumbu za Binti Salme

Wengi wanaokishika kitabu cha kumbukumbu cha Binti Salme, kilichotoka Berlin mwaka 1886 kwa lugha ya Kijerumani, hukimbilia kurasa za kutoroka. Binti wa Sayyid Said anampenda mfanyabiashara wa Hamburg, anapanda manowari ya Kiingereza mwaka 1866, anabatizwa Aden mwaka 1867 na siku hiyo hiyo anaolewa kwa jina la Emily Ruete. Kisa hicho kimekwisha kupambwa vya kutosha na watu wengine. Mwenyewe anakipitia kwa haraka. Katika utangulizi anaeleza kwamba kazi aliianza kwa ajili ya wanawe. Kikisomwa kwa nia hiyo, kitabu kinabadilika sura, na anayekaa katikati yake ni Jilfidani, mama wa mwandishi, bibi ambaye wale watoto watatu waliozaliwa Hamburg hawakujaaliwa kumwona.

Jilfidani alikuwa mgeni katika visiwa hivi. Asili yake Mcherkesi, mtoto wa mkulima. Vita vilipoingia kwao wazazi waliuawa, na watoto watatu wakachukuliwa na wapanda farasi, kila mmoja na njia yake: kaka huku, mdogo wa kike kule, na yeye kwingine. Hakupata tena habari zao. Alipofikishwa nyumbani kwa Sayyid alikuwa na miaka saba au minane, na ushahidi wa umri huo, asema bintiye, ni kwamba jino lake la kwanza lilimng'oka katika nyumba hiyo. Hapana tarehe, hapana hati, hapana jina la kijiji. Pana jino la mtoto. Katika kitabu kizima, chenye mapambo mengi ya kasri, hakuna habari iliyo ndogo kuliko hii wala inayochoma kuliko hii, na mwandishi anaiacha ipite bila ya kuitilia chumvi.

Sifa za mama zimeandikwa kwa mkono huo huo. Binti hasemi kwamba Jilfidani alikuwa mzuri wa uso. Asema alikuwa mrefu, mwenye nguvu, macho meusi, nywele zikimfika magotini. Hodari wa kazi za sindano. Mwepesi wa kwenda kwa wagonjwa, akawakalia na kuwasomea. Mwandishi angaliweza kumtukuza, kwani wasomaji wa Ulaya wa siku zile walikuwa na kiu ya mabibi wa Mashariki waliolala juu ya mito. Akawapa mwanamke wa kazi.

Maisha ya nyumbani pia yanasimuliwa vizuri, hasa ya Beit al-Mtoni. Lugha zilikuwa nyingi humo: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kiswahili, lakini mbele ya Sayyid ilisemwa Kiarabu tu. Mtu anajiuliza Jilfidani alisema Kicherkesi na nani. Jibu limo kwa Sara, mama yake Sayyid Majid, aliyetoka nchi moja naye. Wawili hao waliahidiana kwamba atakayebaki atakuwa mama wa watoto wa mwenziwe. Sara akatangulia, na baadaye Jilfidani na bintiye wakahamia Beit al-Watoro kukaa pamoja na Majid na dada yake Khadija. Kwa mtu aliyenyang'anywa ndugu zake njiani, ahadi ile ilikuwa ni kuuzaa upya udugu kwa hiari. Sura hizo ndizo bora kabisa za kitabu.

Mauti yake nayo hayakupigiwa makelele. Ni mwaka 1859, mwaka wa kipindupindu. Salme, mwenye miaka kumi na mitano, alilala juu ya mkeka chumbani kwa mama yake. Alipoamka alimkuta mama yuko miguuni pake, maradhi yamekwisha kumshika. Hakudumu.

Hapo ndipo msomaji wa Pemba anapofika penye shida, wala haifai kuifunika. Bibi huyu alikuwa suria, alinunuliwa. Kisha bintiye anaandika sura nzima kuutetea utumwa wa Mashariki, akitaka usifananishwe na ule wa Marekani, na akiwataja watumwa weusi kwa dharau. Mkono ulioandika habari ya wapanda farasi watatu ndio ulioandika na sura hiyo, na mwandishi haoni kwamba ya pili inaikana ya kwanza. Waliopalilia mikarafuu ya kisiwa hiki nao walikuwa na kaka na mdogo wa kike waliopotea njiani, ila hapakuwa na binti wa kuwaandikia jino lao. Sheria yenyewe ilikuja na kigugumizi kama hicho: amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, hata mwaka 1909. Katika nyumba zetu nasaba ya babu huhesabiwa hadi Omani au Hadhramaut kwa ufasaha mkubwa. Ikifika zamu ya bibi, mara nyingi mazungumzo hugeukia kahawa. Salme, pamoja na kosa lake hilo, hakugeukia kahawa.

Inafaa kumweka kando ya Mwana Kupona, aliyeutunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, mwaka mmoja kabla Jilfidani hajafariki. Kule mama anamuusia mtoto namna ya kuishi, kwa mizani ambayo mtoto aliizaliwa nayo. Huku ni mtoto anayemkusanya mama vipande vipande ili awape wajukuu, kwa lugha ambayo mama hakupata kuijua, katika mji wa baridi ambao asingeweza kuufikiri. Ndiyo maana nathari yake ina haraka na kurudiarudia. Anaeleza vyakula, mavazi na adabu za wageni kama mtu anayeogopa kwamba asipovitaja leo havitatajwa kamwe. Baadhi ya wahakiki wameuona huo kuwa upungufu. Ni upungufu, kweli, wa kitabu cha ziara. Kwa kitabu cha ukoo ni haki yake.

Emily Ruete alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na katika vitu vyake ulikutwa mchanga wa Unguja. Mwanawe Rudolph aliandika kitabu kuhusu babu yake, Said bin Sultan, kikatoka mwaka 1929. Binti yake Antonie alikwisha kutoa mwaka 1907 kitabu cha mapishi ya nchi za joto. Kuhusu bibi yao wa Kicherkesi hapana kitabu zaidi ya kurasa zile za mama yao.