Jinsi Dalali Asiye na Leseni Anavyofungiwa Milango

Mtu akiingia nyumbani kwa mwenziwe akabeba kabati na kitanda, sheria humwita mwizi. Lakini akiyafanya hayo hayo ilhali mkononi mwake mna hati ya mahakama na leseni ya mwaka ule, sheria humwita dalali, na mwenye mali hana budi kumpisha. Maadamu tofauti ya watu hao wawili ni karatasi tu, kila nchi iliyoruhusu mali ya mdaiwa inadiwe bila ridhaa yake imelazimika kuamua ni nani astahiliye kuishika karatasi hiyo, na ni nani wa kumpokonya akiitumia kwa dhuluma.

Kenya iliamua jambo hilo kwa Sheria ya Madalali ya 1996, iliyounda bodi ya kuwapa madalali leseni, na kwa Kanuni za 1997 zilizoifuata. Watu wengi hudhani kwamba bodi ya namna hii huwazuia matapeli kwa kuwawinda mitaani. Dhana hiyo iko mbali na ukweli, kwani bodi haina jeshi la askari, na adhabu ya mahakama kwa anayenadi bila leseni, ingawa imeandikwa katika sheria, aghalabu huja baada ya mali kwisha kuuzwa. Nguvu iliyo kubwa zaidi imo katika namna kazi yenyewe ilivyokatwa hatua kwa hatua, kila hatua ikidai ithibati ambayo asiye na leseni hana.

Dalali hawezi kuanza ila amepokea hati ya mahakama, au barua ya maagizo ya mdai, akaiandika katika daftari lake. Kisha sharti amfikie mdaiwa na tangazo la mali linalotaja vitu kimoja kimoja, hali yake na thamani yake, na kumpa siku 7 za kulipa na kuikomboa mali yake. Ikiwa ni ardhi au jengo, muhula haupungui siku 45. Siku 7 zile zikipita ndipo vitu vihamishwe, navyo havinadiwi mpaka zipite siku nyingine zisizopungua 7 tangu mnada utangazwe gazetini. Akihofia fujo, au akiona kwamba mlango utalazimika kuvunjwa, huenda mahakamani kuomba amri ya kusindikizwa na polisi. Hata ujira wake umepangwa katika jedwali la Kanuni, na ukibishaniwa hukadiriwa na msajili, hakimu au bodi yenyewe. Basi tapeli anayetaka kupita njia hii atakutana na karani wa mahakama, na mhariri wa matangazo, na mkuu wa kituo cha polisi, na kila mmoja wao ana haki ya kumuuliza leseni yake.

Mlango mmoja, hata hivyo, haukufungwa barabara, nao ndio unaonitia wasiwasi. Barua ya maagizo haitoki mahakamani. Hutoka kwa mkopeshaji aliyechukua gari rehani, au kwa mwenye nyumba anayedai kodi, na mtu huyo akipenda kuipeleka kwa asiye na leseni kwa kuwa ni rahisi na hana maswali, hatua zote nilizozitaja hurukwa kwa mara moja. Sawa na hilo ni ubaya wa dalali halali anayewaazima wengine jina lake, akakaa ofisini huku vijana asiowajua wakibeba vyombo vya wajane. Huyu wa pili bodi inaweza kumfikia, kwa kumwonya, kumtoza faini, kusimamisha leseni yake au kuifuta kabisa, maana ana kitu cha kupoteza. Tapeli mtupu hana.

Tanzania imetilia mkazo upande mwingine: kanuni za 2017 za madalali wa mahakama zinadai mafunzo na cheti kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto kabla ya mtu kuteuliwa. Ni jambo jema, ila elimu humtengeneza aliyekubali kuingia darasani.

Hukumu yangu ni kwamba dhima ingewekwa nzito zaidi juu ya yule anayetoa maagizo, mkopeshaji na mwenye nyumba, alipe hasara yote pamoja na tapeli aliyemtuma. Hapo soko la asiye na leseni lingekauka. Mpaka hilo litimie, wewe unayebishiwa hodi kwa ajili ya deni usitoe hata kiti kimoja kabla hujaonyeshwa leseni ya mwaka huu, maagizo yaliyoandikwa na tangazo la mali lenye orodha, na ikiwa anadai katumwa na mahakama, uliza nambari ya kesi uende ukaihakikishe masjala.