Hongera, Mafundi wa Cherehani Kuukuu

Mpelekee fundi wa Mwembe Tayari, Mombasa, cherehani ya Singer ya bibi yako. Hatakuuliza ilinunuliwa lini. Anachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, anasugua upande wa kulia wa kitako mpaka namba itokee. Ikianza kwa herufi mbili, ya kwanza E, basi imetoka Clydebank, Scotland, mwaka 1935 au baadaye. Kiwanda hicho kilifungwa 1980, ila cherehani zenyewe hazina habari.

Kisha anafungua kifuniko chini ya sindano. Akikuta shato ndefu mfano wa kokwa ya tende, anaguna: spea hiyo huopolewa kwenye mikebe ya mashine zilizokwisha kufa. Akikuta bobini ya duara ya Singer 15, uso unakunjuka, maana Butterfly za China ziliiga umbo hilo hilo na spea zake huingiliana.

Ninachowavulia kofia hasa ni kauli hii: “Mama, haijafa, imekauka mafuta tu.” Angeweza kumuuzia mteja spea tatu! Badala yake anadondosha mafuta, anazungusha gurudumu kwa mkono, anasikiliza. Mwachie hadi alasiri, na umlipe vizuri japo hakubadilisha kitu.