Mji wa Kufikia katika Bonde la Loire

Aghalabu mtu anayekusudia kuzuru makasri ya bonde la Loire, huko Ufaransa, hupoteza majuma akilinganisha kasri na kasri, kisha mji wa kufikia akauchagua kwa kutazama picha moja ya mto na daraja. Makasri yenyewe hayangoji hukumu ya mgeni: Chambord lenye vyumba zaidi ya 400, au Chenonceau lililojengwa juu ya maji ya mto Cher, yatamridhisha hata asiyejua lolote la usanifu, bali mji mwema na mji hafifu hufanana sana machoni, na kuupambanua mmoja na mwingine ni ujuzi wenye kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni ya mahali. Bonde lililotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000 limeenea tangu Sully-sur-Loire hata Chalonnes, kwa hiyo hapana mji hata mmoja uwezao kulihudumia lote, na mwenye kudai hivyo anauza vyumba. Kipimo cha haki ni nusu ya siku: atokaye baada ya kifungua kinywa awe ameliwahi kasri, amelizuru kwa utulivu, na akipenda amerejea kwa chakula cha mchana. Kwa kipimo hicho Saumur, ijapokuwa ni mji wa fahari, unamfaa mwenye haja na upande wa magharibi na abasia ya Fontevraud tu, madhali Chambord liko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wasema wahenga; basi ngama na iwe baina ya tezi na omo.

Kanuni ya pili ni ya vyombo vya safari. Asiye na gari asipime umbali kwa ramani, apime kwa reli. Treni ya kasi itokayo Paris humfikisha Saint-Pierre-des-Corps, kiungani mwa Tours, kwa muda wa saa moja na ushei. Na kutoka Tours treni ndogo huelekea Langeais, Azay-le-Rideau, Amboise, na hata Chenonceaux, ambako kituo kiko hatua chache tu na lango la kasri. Chambord halina reli, na anayelitaka afadhali aanzie Blois, ambako katika majira ya wageni basi huondoka kituoni kwenda huko na Cheverny. Hadhari moja: ratiba ya kurudi isomwe kabla ya ile ya kwenda, maana treni za njia ya Cher, ipitayo Chenonceaux, ni chache, na kuikosa moja ni kukaa kitako kituoni.

Kanuni ya tatu, ambayo wengi hughafilika nayo, ni ya jioni. Makasri hufungwa mapema, ilhali jua la mwezi wa Juni huko halichwi mpaka karibu saa nne za usiku. Basi mji usio na maisha yake mwenyewe humwachia mgeni saa nyingi za kupiga miayo. Tours, wenye chuo kikuu, hauna dhiki hiyo, na kiwanja chake cha Plumereau, kilichozungukwa na nyumba za kale za mbao, hujaa watu hata usiku. Amboise ni kinyume chake: mchana mabasi huumiminia wageni, jioni hunyamaza, na faida yake iko asubuhi. Hapo ndipo alipoishi Leonardo da Vinci tangu 1516 hata akafariki mwaka 1519, na katika kasri la hapo ndipo Amir Abdulkadir wa Algeria alipozuiliwa pamoja na jamaa zake tangu 1848 hata 1852. Bustanini mna makaburi ya watu wake waliofia kizuizini, na aliyelala mjini huweza kuyafikia mara lango lifunguliwapo, kabla makundi hayajawasili, akawasomea Fatiha bila ya kusukumwa.

Kanuni ya nne ni ya nyumba. Miji ya bonde hilo imejengwa kwa jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau. Pitisha kidole ukutani: jiwe lenyewe huacha unga mweupe kidoleni, na karibu na ardhi, unyevu unakopanda, uso wake hubanduka magamba. Ukiona mahali palipozibwa kwa saruji, saruji imetuna na jiwe linaloizunguka limelika, jua kwamba nyumba ilitengenezwa kwa pupa, na huenda chumbani yamefanywa yayo hayo. Kuta nene zilizohifadhika, kwa upande wa pili, hutunza baridi wakati wa hari. Wala usihadaike na dirisha litazamalo mto, kwani aghalabu hutazama pia barabara ya magari iliyo ukingoni. Omba chumba cha upande wa uani.

Kwa kukata shauri, asiye na gari na ashukie Tours. Mwenye gari au baiskeli ashukie Amboise, ulio katikati. Na mwenye siku mbili tu aende Blois, ambao kasri lake, lenye sehemu zilizojengwa katika karne ya 13, ya 16 na ya 17 kandokando ya ua mmoja, litamfunza kuyasoma mengineyo. Mwenye juma zima asione uzito kuhama katikati ya safari, kwani kufunga mizigo mara moja ni kazi ya asubuhi moja, lakini mji usiofaa humchosha mtu kila siku.