Ngumu kama jiwe: tuuhakiki ushauri wa fundi wa pool

Desemba nilirudi nyumbani Karagwe, na jioni ya kwanza tu nikajikuta kwenye meza ya pool pale Omurushaka. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amebakiza mpira mweusi peke yake, mdomoni mwa shimo. Dau lilikuwa elfu kumi, yaani hela ya mafuta ya siku nzima. Akainama, akapiga. Fimbo ikalia "ka!", mpira mweupe ukaenda zake pembeni na kutumbukia. Kwisha habari. Watu wakacheka, mmoja akasema jamaa karogwa.

Nikaomba ile fimbo niiangalie. Ngozi yake, ile ya kwenye ncha inayogusa mpira, ilikuwa bapa kama kifungo cha koti. Ilikuwa imetanuka kupita pete ya shaba kama uyoga, na inang'aa kama soli ya kiatu cha kuteleza. Uchawi gani tena hapo?

Kesho yake nikaenda kwa fundi anayebadilisha ngozi hizo. Akatoa kiboksi, akachagua moja, akaidondosha juu ya kioo cha kaunta. Ikalia kwa mlio mkali. "Umesikia, dogo? Ngumu kama jiwe. Hii ndiyo ngozi. Zile laini ni za watoto." Ushauri huohuo niliwahi kuusikia Kayanga, na nikausikia tena Nkwenda na Murongo kule Kyerwa, karibu neno kwa neno. Basi leo nauhakiki kama mtu anavyohakiki kitabu, kwa sababu wachezaji wa huku wanaununua kwa hela yao.

Tuanze na kile ngozi inachofanya. Fimbo na mpira vinagusana kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi ngozi inatakiwa ibonyee kidogo na ishike. Ukipiga katikati ya mpira hakuna shida, hata mti mtupu ungefanya kazi. Shida inaanza unapotaka mpira mweupe urudi nyuma au uzunguke ubavuni, kwa sababu lazima upige mbali na katikati, na huko uso wa mpira umeinama. Kadiri unavyosogea ukingoni, ndivyo mwinamo unavyokuwa mkali, na ngozi inataka kuteleza.

Kuna mpaka. Ukifika nusu ya nusukipenyo, uso wa mpira umeinama nyuzi 30. Tangenti ya 30 ni kama 0.58. Kwa hiyo msuguano kati ya ngozi na mpira unatakiwa usiwe chini ya hapo, la sivyo fimbo inateleza. Ngozi nzuri iliyopakwa choki nzuri inafika kwenye namba hiyo, haipiti sana. Mfaransa Coriolis, yuleyule wa nguvu ya Coriolis mliyoisoma kwenye jiografia ya upepo, aliandika kitabu kizima cha hesabu za biliadi mwaka 1835, na huo mpaka wa nusu ya nusukipenyo umo katika hesabu zake. Kwa mpira wa milimita 57, unazungumzia kama milimita 14 kutoka katikati. Zaidi ya hapo hata bingwa wa dunia anateleza.

Ona sasa: katika hesabu hiyo yote, ugumu haujatajwa popote. Kilichotajwa ni msuguano. Fundi anauza ugumu, mchezaji anahitaji kushika.

"Lakini laini ndiyo inazungusha zaidi," atasema mwingine, yule aliyetazama video nyingi. Naye hajafika. David Alciatore, mhandisi wa Colorado State University huko Marekani, amelipima jambo hili kwa miaka na kamera za kasi. Ukigonga sehemu ileile kwa kasi ileile, ngozi ngumu na laini zinazungusha mpira karibu sawa. Tofauti unayoisikia mkononi ni mlio na mtetemo.

Nimtendee haki fundi. Ngozi ngumu inapoteza nguvu kidogo zaidi kuliko laini, ndiyo maana fimbo maalumu za kuvunjia hufungwa ncha ngumu sana, nyingine si ngozi kabisa. Na ngozi ngumu haitanuki haraka. Kwenye fimbo ya baa inayoshikwa na watu hamsini kwa siku, ngozi laini itakuwa uyoga kabla ya wiki kuisha. Kwa hiyo ana hoja kwenye uimara. Kosa lake ni kuufanya mlio wa kaunta kuwa kipimo cha yote. Unavunja mara moja kwa mchezo, mipira mingine yote unaipiga kwa utaratibu.

Umbo ndilo hasa linalonikera, kwa sababu hakuna anayelitaja. Ngozi inatakiwa iwe na mgongo wa mviringo, kama kipande cha ukingo wa sarafu yenye kipenyo cha milimita 18 hadi 21. Ikiwa bapa, ukipiga pembeni hugusi kwa uso uliopakwa choki, unagusa kwa ukingo. Ukingo huo umesuguliwa na vidole na pete mpaka umekuwa laini kama kioo, choki haikai. Ile "ka!" ya Omurushaka ilitoka hapo. Unaweza kununua ngozi ya bei kubwa kuliko zote Bukoba, ukiiacha bapa ni kazi bure.

Halafu choki. Baa mbili nilikuta choki ya ubaoni. Jamani! Choki ya shule ni chokaa au jasi, inapaka rangi tu. Choki ya pool ya kisasa ilianza na hataza ya Wamarekani wawili, Spinks na Hoskins, mwaka 1897, na ndani yake kuna chembe ngumu kama silika zinazong'ang'ania mpira. Wasiokuwa nayo wanasugua ncha kwenye ukuta wa saruji. Nimeona wazee wakikemea tabia hiyo, ila kisayansi iko nusu sahihi, maana saruji inakwaruza ngozi na ngozi iliyokwaruzwa inashika. Nusu nyingine ni hasara, kwa sababu ukuta ni bapa na unaifanya ngozi iwe bapa.

Ngozi zenyewe nilizozikuta ni za aina chache. Nyingi ni za kuskrubu, zenye msumari wa shaba chini na ngozi nyembamba juu. Hizo sizipendekezi kabisa. Zinalegea, na zikilegea kila pigo linalia kama sufuria, na ngozi ni kidogo mno kiasi kwamba ukiichonga mara mbili umefika kwenye shaba. Bora za kugundisha. Za bluu za kipande kimoja, mfano wa Elk Master ya kampuni ya Tweeten, ni laini na nafuu, lakini hazifanani hata ndani ya boksi moja, kwa sababu kila moja imekatwa sehemu tofauti ya ngozi ya mnyama. Hapo mlio wa kaunta unasaidia kweli: dondosha zote, tenga zinazolia sawa, chukua za katikati. Wamarekani wengine huziloweka kwenye maziwa kisha wanazibana kwenye jiliwa mpaka zikauke. Maziwa Karagwe tunayo, ila mimi nadhani kazi inafanywa na jiliwa. Za tabaka tabaka kama Kamui ya Japani, za ngozi ya nguruwe, zinafanana vizuri na hukaa muda mrefu, lakini kwa bei yake utanunua za bluu nyingi sana. Kwa mwanafunzi, hapana.

Pima pete kabla ya kununua. Fimbo za snuka huwa milimita 9 au 10, za pool ya Kimarekani 12 hadi 13. Ngozi ndogo kuliko pete haisaidii chochote.

Kuna jambo jingine lililonisumbua nikiwa Kyerwa. Unapita barabarani unaona ng'ombe wa Ankole, pembe kama matao, na machinjioni ngozi zinakauka juani bila mnunuzi. Ngozi ya mgongoni, karibu na uti, ndiyo nzito na yenye nyuzi zilizobanana; ya tumboni inavutika. Alama za moto na makovu ya kupe huharibu ngozi ya kushonea kiti au begi, lakini sisi tunahitaji duara la milimita 12 tu, unakata katikati ya makovu. Tanini ya kusindikia inatoka hukuhuku nchini: kampuni ya Tanwat, Njombe, iliyoanzishwa 1949, inakamua magome ya miwati. Nilikata vipande vitatu kutoka mkanda wa zamani wa mzee wangu (alijua baadaye). Viwili vilikuwa laini mno. Cha tatu, cha sehemu nene, nilikibana, nikakigundisha, nikakichonga kwa wembe na msasa, na kilicheza jioni mbili bila kuteleza. Jaribio la kipande kimoja si ushahidi, ila lina thamani kuliko mlio wa kaunta.

Kabla sijaondoka nikarudi Omurushaka na msasa. Mwenye meza akanitazama kwa mashaka, anaona mtu anakwangua mali yake. Nikamweleza: wewe unalipwa kwa mchezo. Fimbo ikiteleza, mipira inabaki mezani, mchezo mmoja unachukua nusu saa. Ikishika, inaingia upesi, na wanaosubiri wanatia hela nyingine. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Sasa huo msasa unauzwa wapi, na fimbo ya pili utaichonga lini?"